Dawa Isiyongoja Treni: Mombasa Hadi Nairobi kwa Picha ya Mwili Mzima



Ndugu zetu wasomaji, wapandao treni ya Miritini kwenda Nairobi si wafanyabiashara na wanafunzi peke yao. Atazamaye vizuri katika foleni ya ukaguzi wa mizigo ataziona bahasha kubwa za kaki, zile za kutilia picha za eksrei, zimekumbatiwa vifuani kana kwamba ni hati za nyumba. Wenye bahasha hizo ni wagonjwa, au ni watoto wa wagonjwa. Hivi karibuni nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulimsindikiza mzee wa mtaa wetu, mwenye umri wa miaka 71, kwenda kupigwa picha ya mwili mzima. Ametupa idhini ya kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake tulisitiri, na sharti hilo tumeliweka.

Mzee wetu ana saratani ya tezi dume. Hii ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi katika nchi yetu ya Kenya, na huenda ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini kuliko zote, kwa kuwa mahali ilipo ni mahali pa sitara. Kwa miezi mingi alikuwa akiamka usiku mara nne na tano kwenda haja ndogo, na mgongo ukimuuma hata hawezi kulala chali. Nyumbani waliita baridi yabisi, akasuguliwa mafuta ya habasoda. Alipofika kwa daktari, kipimo cha damu cha PSA kilikuwa juu sana. Akakatwa kinyama cha tezi kikapimwa, na saratani ikathibitika. Picha ya CT ikaonyesha pingili moja ya kiuno yenye shaka. Daktari hakuweza kusema kwa yakini iwapo ni saratani iliyohama au ni uzee wa mfupa.

Hapo ndipo lilipokaa baraza la familia baada ya Isha, nasi tukaitwa kuwa mashahidi. Mtoto mkubwa wa kiume alishika rai kwamba kiwanja cha Kisauni kiuzwe mara moja na baba apelekwe India. Binti, mwenye maneno machache, akamwambia, “Kaka, tuuze ili tukatibu nini? Hatujajua ugonjwa umefika wapi.” Kiwanja hicho ndicho mali pekee ya mzee aliyoichuma kwa miaka yote ya kazi ya bandarini, na amewakusudia wajukuu. Daktari ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba sindano ya kuzima homoni ya kiume mzee ataipata kwa vyovyote vile, na kwamba linalobaki ni kujua nini cha kuongeza juu ya sindano hiyo. Jibu lingetokana na picha moja, nayo hupigwa Nairobi.

Tukapanda treni ya asubuhi. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na kwa mwenye afya ni raha: saa tano hivi, badala ya usiku mzima wa basi. Kwa mwenye maumivu ya mfupa, viti vya daraja la kawaida, vilivyosimama wima na kutazamana magoti kwa magoti, ni mtihani. Kila baada ya muda mzee aliinuka, akatembea ujiani huku akishika migongo ya viti. Tulipita Mariakani, minazi ikabaki nyuma. Baada ya Voi ardhi ikawa nyekundu, na treni ikapanda juu ya tuta refu la Tsavo, lenye vivuko chini yake ili ndovu wapite. Watoto waliokuwa behewani walikimbilia madirishani. Mzee alitazama mara moja, akasema ndovu nao wamejengewa njia yao, kisha akarudi kwenye tasbihi yake.

Ndipo mtoto wake wa kiume akatuuliza swali ambalo bila shaka wasomaji wengi wangeliuliza: kwa nini mgonjwa atolewe Mombasa na mgongo wake mbovu, ilhali dawa ya kupigia picha ingeweza kutiwa katika chupa ikaletwa pwani kwa treni hiihii?

Jibu lake tulilipata hospitalini siku ya pili, kwa mtaalamu aliyesimamia mashine, naye alilieleza kwa hesabu nyepesi. Picha hii hupigwa kwa dawa yenye mionzi, ambayo hudungwa mshipani kwa kiasi kidogo sana. Dawa hiyo huanza kufa tangu dakika ile inapotengenezwa. Iliyofungwa na madini ya galiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya dakika 68. Iliyofungwa na florini hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Mwendo wa treni wa saa tano ukipita, ya galiamu haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya nguvu zake za mwanzo, na ya florini imebaki kama sehemu moja ya saba. Kwa hiyo dawa hii haiwezi kumngoja mgonjwa, wala haiwezi kumfuata mbali. Lazima mgonjwa aifuate pale inapotengenezwa. Nairobi ina mitambo hiyo, ukiwamo ule wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan huko Parklands, na ule wa Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kahawa. Sisi wa pwani hatuna budi kupanda bara.

Ama picha yenyewe inavyofanya kazi, tutaieleza kama tulivyoelezwa. Chembe za saratani ya tezi dume, nyingi katika hizo, hubeba juu ya ngozi yake kitu kiitwacho PSMA, mfano wa kitasa kilicho mlangoni. Wataalamu wakatengeneza ufunguo wa kitasa hicho, wakaufunga na chembe ya mionzi. Ufunguo unapodungwa mshipani huzunguka mwili wote, na kila unapokuta kitasa chake hushika. Mashine ya PET huyaona mahali pote mionzi ilipotulia, na picha ya CT inayopigwa papo hapo huonyesha ni mfupa gani au ni kiungo gani. Ufunguo huo wa galiamu ulitengenezwa Heidelberg, Ujerumani, na wagonjwa wa kwanza walipigwa picha kwa njia hiyo mwaka 2011.

Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, mifupa ilichunguzwa kwa picha ya mifupa ya kawaida, ambayo bado inatumika na bado ina faida. Lakini picha hiyo haioni saratani yenyewe. Huona mfupa unavyojitengeneza unapodhurika, na mfupa hujitengeneza vilevile kwa kuvunjika na kwa uzee. Mwaka 2020 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya kuzilinganisha njia hizi mbili kwa wanaume 302 wenye saratani ya tezi dume ya hatari kubwa. Picha ya PSMA ilisibu kwa asilimia 92, na picha za kawaida, yaani CT pamoja na ile ya mifupa, kwa asilimia 65. Ziko pia nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, ambazo hospitali zake hutumia MRI ya mwili mzima, isiyo na mionzi kabisa, hususan kufuatilia iwapo mifupa inaitikia matibabu.

Mzee alitakiwa anywe maji mengi. Akadungwa dawa, akakaa peke yake katika chumba chenye kuta nene kwa muda upatao saa moja na nusu, ili dawa ienee. Akaambiwa aende haja ndogo, kisha akalala juu ya kitanda chembamba kinachoingia katika pete ya mashine. Mambo yote yakaisha katika muda wa nusu saa hivi. Alipotoka alituambia hakusikia chochote, na kwamba kulala chali ndiko kulikomtoa jasho kuliko mashine.

Jambo moja hatukuwa tumelipanga. Tulikuwa tumekusudia kulala Eastleigh kwa mjukuu wake wa kike, ambaye ni mja mzito na ana mtoto mdogo. Muuguzi akatwambia kwamba kwa saa kadhaa baada ya sindano ni bora mgonjwa asikae karibu na wajawazito wala kupakata watoto, kwa kuwa mwilini mwake bado mna mionzi. Ikatubidi tutafute nyumba ya wageni. Mjukuu alileta chakula, akakiweka mezani, akamsalimia babu yake kutoka mlangoni, na wote wawili wakacheka kwa haya. Anayesafiri kwa jambo hili na alijue mapema asije akakosa pa kulala.

Katika chumba cha kungojea tulikaa na mgonjwa mwingine, mzee wa Meru, mchangamfu, ambaye ugonjwa wake ni wa miaka sita. Sindano zilimsaidia, vidonge vikamsaidia, kisha vyote vikaacha kufanya kazi. Picha yake ilikuwa na kusudi jingine. Alitwambia, “Wanataka kuona kama ugonjwa wangu unawaka. Usipowaka, dawa yao haina pa kushika.” Maneno yake ni sahihi. Ufunguo uleule wa PSMA, ukifungwa na madini ya luteti badala ya yale ya kupigia picha, huwa dawa ya kuua saratani kutoka ndani. Katika utafiti wa nchi nyingi uliotangazwa mwaka 2021, wagonjwa 831 walioteuliwa kwa picha hii waligawanywa makundi mawili. Kwa waliopewa luteti juu ya matibabu yao ya kawaida, muda ambao nusu yao waliuvuka wakiwa hai ulikuwa miezi 15.3, na kwa wasiopewa miezi 11.3. Miezi minne si tiba ya kupona, na mzee wa Meru hakuambiwa kwamba atapona. Lakini nani kati yetu angeiona miezi minne na watoto wake kuwa ni kitu kidogo? Na asiye na kitasa cha PSMA, nao wapo, picha humwepusha na dawa ghali isiyomfaa.

Majibu ya mzee wetu tuliyapokea kesho yake. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta upande wake, na mwili wote ukaonekana kwa rangi ya kijivu, na juu yake madoa yenye kung'aa. Mzee alipoyaona mataya yake yamewaka pande zote mbili, na figo nazo zimewaka, alishtuka akasema, “Daktari, basi imefika mpaka kinywani?” Daktari akatabasamu. “Hapana, Mzee. Hizo ni tezi za mate. Hung'aa kwa kila mtu, hata kwangu mimi zingeng'aa. Na figo na kibofu vivyo hivyo, kwa kuwa dawa hutokea huko.” Ubavuni kulikuwa na doa hafifu. Daktari akauliza iwapo aliwahi kuumia, na mzee akakumbuka kuanguka kutoka ngazini bandarini, miaka mingi iliyopita. Daktari akaandika kwamba doa hilo lichukuliwe kuwa ni la jeraha la kale, nalo lifuatiliwe.

Yaliyobaki yalikuwa haya: tezi dume yenyewe, matezi mawili ya limfu ndani ya nyonga, na ile pingili moja ya kiuno. Hayo tu. Hakuna ini, hakuna mapafu, hakuna fuvu.

Kwa nini idadi iwe na uzito namna hii? Tangu mwaka 1941, pale Charles Huggins wa Chicago alipoonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966, kuizima homoni hiyo ndio msingi wa tiba. Lakini si wagonjwa wote wanaostahili nyongeza moja. Katika utafiti mmoja wa Marekani, ugonjwa ulihesabiwa kuwa ni mwingi pale ulipofika viungo vya ndani kama ini, au ulipokuwa katika mifupa mahali panne au zaidi, angalau pamoja pakiwa nje ya uti wa mgongo na nyonga. Wenye ugonjwa mwingi ndio walioonekana wazi kufaidika na dawa kali za kemikali mapema. Na katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2018, wagonjwa wenye ugonjwa mchache waliochomwa mionzi kwenye tezi dume yenyewe, ingawa saratani ilikwisha kutoka nje, asilimia 81 yao walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wasiochomwa asilimia 73. Wenye ugonjwa mwingi hawakupata faida hiyo ya uhai. Kwa hiyo tofauti ya ugonjwa mchache na ugonjwa mwingi ni tofauti ya njia, na mgonjwa akitiwa katika njia isiyo yake huumia bila faida, au hukosa faida iliyokuwa mbele yake.

Daktari alitwambia na upande wa pili, nasi tunaona ni amana kuufikisha. Tafiti hizo za uchache na wingi zilihesabu madoa kwa picha za zamani. Picha mpya huona madogo zaidi. Mgonjwa aliyehesabiwa doa moja kwa picha ya zamani akakutwa na matano kwa picha mpya, si lazima ugonjwa wake uwe umekua. Huenda ni macho yaliyokua. Daktari mwenye uangalifu huzisoma picha mbili pamoja kabla ya kubadili tiba, wala familia haifai kuvunjika moyo kwa kuhesabu nuru kwenye karatasi. Na wako wagonjwa ambao picha hii haitawaongezea lolote: mathalan mzee dhaifu sana, ambaye tiba yake ni ileile picha iseme nini. Kumpandisha huyo treni ni kumtesa, na fedha zake zina haki kubwa zaidi ya kumnunulia dawa ya maumivu na godoro jema.

Mpango wa mzee wetu ukawa sindano ya kuzima homoni, vidonge vya kila siku juu yake, na baadaye mionzi kwenye tezi dume, pamoja na mionzi michache ya kulenga ile pingili inayomnyima usingizi. Yote hayo yanapatikana Mombasa. Kiwanja cha Kisauni hakikuuzwa. Gharama za picha na safari zilichangwa na watoto, kila mmoja kwa uwezo wake, na si gharama ndogo. Mtoto mkubwa, ambaye mapenzi yake kwa baba yake hatuna shaka nayo, ndiye aliyetoa fungu kubwa.

Wasomaji wetu wapendwa, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani na amwulize daktari maswali haya kabla ya kukata tiketi au kutangaza mali yake kuuzwa. Picha hii ikionyesha machache utafanya nini, na ikionyesha mengi utafanya nini? Iwapo majibu yote mawili yana tiba moja, picha ni ya kazi gani? Je, bima ya mgonjwa italipa, na kiasi gani? Dawa ya homoni ianze kabla ya picha au baada yake? Na tiba itakayofuata inapatikana wapi, pwani au mbali? Akishapigwa picha, ripoti na sidi yake viwekwe pahali pamoja na hati za nyumba, kwa kuwa picha ya pili haina maana isipolinganishwa na ya kwanza. Tena, mwenye saratani hii akianza kuhisi miguu inalegea ghafla au inakufa ganzi, au haja zikimkwama, asingoje picha ya Nairobi wala miadi ya wiki ijayo. Uti wa mgongo huenda unabanwa, na hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa ileile.

Na kwenu nyinyi wazee wenzetu: kuamka usiku mara tano si uzee tu, na maumivu ya kiuno yasiyoisha si baridi tu. Sitara ni ya mwili, haikuwekwa kwa ajili ya kuuficha ugonjwa mpaka ufike mfupani. Semeni mapema, hata kama ni kwa mtoto mmoja tu mnayemwamini.